Nani Bora: Mabishano ya Muziki Uvira na Ufukwe wa Kaskazini wa Tanganyika

Uvira, mji wa mashariki mwa Kongo kando ya ziwa Tanganyika, swali la muziki bora wa mwaka liliulizwa kwa majina ya wanamuziki: Franco au Rochereau, Werrason au JB Mpiana, Fally au Ferre. Kwingineko duniani kazi hiyo ilishikwa na magazeti. New York, gazeti la Village Voice lilipiga kura yake ya kila mwaka mfululizo tangu 1974: kila mhakiki alitaja albamu kumi na kuzigawia pointi mia, kisha hesabu ikajumlishwa na orodha ikachapwa. Kando ya ziwa hapakuwa na hesabu ya namna hiyo. Palikuwa na kambi mbili, meza yenye chupa za bia ya Primus, na disiki iliyorudiwa mara tatu ili mbishi asikie kwa masikio yake pale gitaa linapoingia.

Mabishano hayo yana mizizi ya kale kuliko rumba yenyewe. Kabla ya disiki kufika, watu wa bandari za Tanganyika walikwisha kuzoea mashindano ya ngoma. Beni, ngoma ya sare, vyeo na tarumbeta iliyotoka pwani ya Kenya, ilienea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mara nyingi iligawa mji katika pande mbili, kama Marini na Arinoti. Hakimu wa beni alikuwa umati. Kundi lililowavuta watu wa mwenzake ndilo lililoshinda, na lililoshindwa lilirudi kushona sare mpya. Mazoea ya kuuona muziki kama pambano la pande mbili, kila upande na watu wake wanaoutetea kama ukoo, yalikuwa tayari yamejengeka pale magurudumu ya gramafoni yalipoanza kuzunguka.

Disiki za Kongo zilianza kwa wingi mwaka 1948, Mgiriki Nicolas Jéronimidis alipofungua studio ya Ngoma mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwaka huohuo Wendo Kolosoy alirekodi Marie-Louise, wimbo uliosambaa nchi nzima. Studio nyingine zikafuata, zikiwemo Opika na Loningisa. Lakini kutoka Léopoldville hadi Uvira ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na mstari huo hakuna gari linaloweza kuufuata. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, iko umbali wa kilomita kama 25 tu, ng'ambo ya mto Ruzizi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muziki wa mji mkuu wa Kongo ilifika Uvira kupitia nchi jirani, kwa maduka ya Usumbura na kwa wasafiri wa mpakani waliofunga disiki ndani ya vitenge zisivunjike.

Hukumu ya kitaalamu nayo ilikuwepo, ila ilitoka mbali. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa na makao yake Afrika Kusini, alimrekodi kijana mmoja mpiga gitaa mjini Jadotville, huko Katanga. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, na wimbo wake Masanga, ulioimbwa kwa Kiswahili, ulipewa na chama cha Tracey tuzo ya Osborn ya muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo. Hii ni moja ya mara za mwanzo ambapo kazi ya Kiswahili kutoka Kongo ilitangazwa kuwa bora ya mwaka na watu waliojiita wajuzi. Uamuzi wao ulikuwa wa haki, kwa kuwa upigaji wa Bosco, wa vidole viwili vinavyosema kama magitaa mawili, uliigwa hadi Nairobi. Hata hivyo, waliotoa tuzo na waliocheza wimbo hawakukaa meza moja, na utengano huo ungeendelea kwa miaka mingi.

Mabishano makubwa ya Uvira yalizaliwa na bendi mbili. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianzishwa mwaka 1953. OK Jazz, ambayo Franco Luambo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ilianza tarehe 6 Juni 1956. African Jazz ilikuwa na sauti laini, mavazi maridadi na gitaa la Docteur Nico lililopanda na kushuka kama maji. Wafuasi wake waliuona ustaarabu ndani yake. OK Jazz ilishika mtindo wa odemba: gitaa zito linalorudia mzunguko uleule hadi mwili unakubali, na maneno ya mambo ya nyumbani, ya ndoa, deni, uchawi na usaliti. Mwaka 1963 Nico na Tabu Ley Rochereau walijitenga na Kabasele wakaunda African Fiesta. Baada ya miaka michache nao wakaachana, na Rochereau akabaki kuwa mpinzani mkuu wa Franco kwa zaidi ya miaka 20.

Kwa msikilizaji wa mashariki ugomvi huu ulikuwa na ladha yake. Nyimbo nyingi zilikuwa za Kilingala, lugha ambayo Uvira iliijua kwanza kupitia kambi za jeshi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa lugha ya amri tangu enzi za Force Publique, jeshi la kikoloni. Nyumbani na sokoni watu walisema Kiswahili, Kivira, Kifuliiru au Kibembe. Mtu alishika maneno ya Franco nusu nusu na kumwachia mwenzake aliyekaa Kinshasa ayafasiri, na tafsiri ile ikawa silaha. Aliyejua kwamba wimbo fulani unamsema mwanamume anayekula jasho la mwanamke alikuwa na hoja. Aliyejua sauti tu alibaki kumsifia Rochereau kwa koo lake. Huenda hii ndiyo sababu upande wa Rochereau ulipata nguvu pia kwa wasiojua Kilingala: sauti haihitaji mkalimani.

Kitu kilichobishaniwa kilikuwa wimbo. Albamu ilikuja baadaye sana. Disiki ya mizunguko 45 ilitosha kiganjani, na kila upande ulibeba dakika nne au tano. Nyimbo za miaka ya 1970 zilipozidi muda huo, zilikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Upande A ulikuwa na mwendo wa polepole, beti na kiitikio, kisha sauti ikafifia. Aliyesimamia gramafoni aliinua sindano, akaigeuza disiki, akapuliza vumbi, akaishusha tena, na katika zile sekunde chache wachezaji walisimama wameshikana bila kuachiana. Ndipo sebene ilipoanza, magitaa matatu yakijibizana. Kutokana na mkato huo hukumu ikawa mbili. Kulikuwa na waliohukumu kwa upande A, waliotaka maneno na sauti, na waliohukumu kwa upande B, waliotaka miguu. Ubishi mwingi uliokosa mwisho ulikosa mwisho kwa sababu hiyo: kila mmoja alikuwa anasema juu ya upande wake wa disiki.

Mwaka nao haukuwa ule wa kalenda. Wimbo uliotoka Kinshasa mwezi wa pili uliweza kufika ziwani mwezi wa tisa, au mwaka uliofuata. Mara nyingine nakala ya Nairobi, iliyokandamizwa na kampuni kama ASL kwa ajili ya soko la Afrika Mashariki, iliitangulia ya Kinshasa kupitia Kigoma, mwisho wa reli ya kati ya Tanzania. Kwa hiyo wimbo bora wa mwaka Uvira ulikuwa ule uliofika mwaka huo, ukapigwa arusini na kwenye matanga, na bado ukawa unaombwa Krismasi. Kipimo hicho kina ubora wake: kilikuwa kimekwisha kuchuja mengi yaliyovuma Kinshasa wiki tatu na kusahauliwa.

Historia ya mji ilivunja mfululizo huo wa disiki mara kwa mara. Mei 1964 Uvira iliangukia mikononi mwa waasi wa Gaston Soumialot, na mwaka 1965 milima ya Fizi ilikuwa uwanja wa vita. Mwaka 1972 wakimbizi walivuka Ruzizi kutoka Burundi. Redio ndiyo iliyoziba mapengo. Usiku, mawimbi yakitulia, redio ya betri iliyowekwa dirishani kuelekea ziwani ilinasa Kinshasa, Bujumbura na Dar es Salaam kwa zamu. Hivyo msikilizaji wa Uvira alikuwa na mizani ambayo mtu wa Kinshasa hakuwa nayo. Alisikia rumba ya mji mkuu, lakini pia alisikia Wakongo waliokwenda kutafuta maisha Afrika Mashariki na kuimba kwa Kiswahili: Orchestra Maquis jijini Dar es Salaam, Baba Gaston na baadaye Les Mangelepa jijini Nairobi, Nguashi Ntimbo na wimbo wake Shauri Yako, na Remmy Ongala, mzaliwa wa mashariki ya Kongo aliyejiunga na Orchestra Makassy mwaka 1978 kisha akaipa Super Matimila jina kubwa.

Kinshasa, wakati huo, ilikuwa na wahakiki wake. Waandishi wa habari za muziki walikuwa na chama chao, baadaye kikaitwa ACMCO, kilichotangaza washindi wa mwaka: wimbo bora, bendi bora, mwimbaji bora. Matangazo hayo yalisikika Uvira na kuchochea moto. Lakini macho ya chama hicho yalikuwa Kinshasa. Mwanamuziki wa Kongo aliyefanya kazi Dar es Salaam au Nairobi, akiimba lugha ya Uvira, alikuwa amejitoa kwenye mizani hiyo kwa kuhama tu. Msikilizaji wa ziwani aliyempenda Remmy kuliko nyota wa mwaka hakuwa na orodha ya kumtetea. Alikuwa na hoja zake tu, na hasara hiyo inafaa kuhesabiwa katika historia ya muziki wa Kongo, kwa sababu mengi yaliyopendwa mashariki hayakuandikwa na mtu.

Mwaka 1983 kambi mbili zilipata mtihani usiotarajiwa. Kabasele alifariki mwezi Februari, na mwaka huohuo Franco na Tabu Ley walirekodi pamoja Ulaya. Moja ya santuri hizo, Omona Wapi, ilikuwa na nyimbo nne, mmojawapo wa kumkumbuka Kabasele, na kampuni ya Shanachie iliitoa Marekani mwaka 1985, ambako ilisikilizwa na watu waliokuwa hawajui lolote juu ya ugomvi wa wawili hao. Kwa wafuasi, santuri hiyo haikumaliza neno. Waliitegea sikio kutafuta ni nani aliyempisha nani, sauti ya nani imewekwa mbele, na gitaa la nani linaendesha. Franco alipofariki tarehe 12 Oktoba 1989, serikali ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilitangaza siku nne za maombolezo, na hata waliomkataa miaka yote walikaa kwenye redio.

Wakati huo kaseti ilikwisha kuishinda disiki. Kaseti moja ilibeba nyimbo kumi na zaidi, ikanakiliwa kwa mashine ya vinywa viwili, na mkanda ukilegea ukarudishwa kwa kalamu ya Bic iliyopitishwa kwenye jino la gurudumu. Yeyote aliyenakili alikuwa mhakiki bila kujijua: aliamua kipi kianze, kipi kiachwe, na nani awekwe upande mmoja na nani.

Vita vilipoingia Uvira Oktoba 1996, na tena Agosti 1998 mji ulipochukuliwa na waasi wa RCD, njia ya kwenda Kinshasa ilikatika kisiasa hadi kuunganishwa tena kwa nchi mwaka 2003. Hapo ndipo ugomvi mkubwa kuliko wote baada ya ule wa Franco ulipokuwa unawaka. Bendi ya Wenge Musica ilikuwa imepasuka mwishoni mwa 1997: JB Mpiana akabaki na Wenge BCBG, Werrason akaunda Wenge Maison Mère. Mwaka 1998 kila upande ulitoa albamu yake, Titanic kwa JB na Force d'intervention rapide kwa Werrason, na mwaka uliofuata ikaja Solola Bien ya Werrason. Kwa mara ya kwanza watu walilinganisha albamu nzima kwa albamu nzima: ni ipi yenye jenerike kali, yaani wimbo wa kufungulia albamu, atalaku (mpiga kelele wa bendi) gani anaamsha watu, nani ametaja majina mengi ya waliolipia mabanga, yaani kutajwa ndani ya wimbo. Mji ulikuwa upande mmoja wa mstari wa vita na wanamuziki upande mwingine, na bado kaseti zilipita. Maelfu waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, wengi wao kutoka Fizi na Uvira, waliondoka na kambi zao za muziki vilevile.

Tuzo za bara zima zilipotokea, zilitumika kama ushahidi. Koffi Olomidé aliponyakua Kora nne mwaka 2002, wafuasi wake walikuwa na namba ya kuonyesha. Wapinzani walijibu kwamba Kora haichezwi arusini.

Ugomvi wa karibuni umetoka ng'ambo ya ziwa. Alikiba na Diamond Platnumz, waimbaji wa Tanzania, wote wana asili ya Kigoma, na mwaka 2012 wasanii wenye asili hiyo waliungana kama Kigoma All Stars katika wimbo wa Leka Dutigite. Diamond alichukua tuzo saba za muziki za Kilimanjaro mwaka 2014, na mwaka uliofuata Alikiba akawa mshindi mkubwa. Kwa Uvira, wawili hao walileta jambo ambalo Franco na Rochereau hawakulileta: nyimbo ambazo kila neno lake linaeleweka bila mkalimani. Diamond alipomshirikisha Fally Ipupa katika Inama mwaka 2019, na Koffi katika Waah! mwezi Novemba 2020, mwimbaji wa Kiswahili na wa Kilingala waliingia katika wimbo mmoja, na wabishi wa ziwani wakaanza kuupima kwa njia ileile ya upande A na upande B: nani kabeba maneno, nani kabeba miguu.