Nani Ana Pampu? Historia Fupi ya Upepo wa Tairi

Leo naweka programu na seva kando, tuongee kuhusu tairi. Msikimbie! Mwishoni mtaona kwa nini mtu wa kompyuta kama mimi limemkaa rohoni.

Yote yalianza na video. Mtu amekaa kwenye kigari cha magurudumu matatu, miguu ameitanguliza mbele kwa sababu ndiyo inayokata kona, na juu kuna tiara kubwa inayomvuta ufukweni kwa kasi ya ajabu. Hakuna injini wala punda. Sisi watoto wa Eastleigh tiara zetu zilikuwa za mifuko ya plastiki na njiti za ufagio, hazingevuta hata kuku! Lakini kilichonishika ni jambo dogo: kabla ya kuondoka, yule jamaa alipiga magoti akatoa upepo kwenye tairi. Mbona atoe? Si tairi ngumu ndiyo huteleza vizuri?

Swali hilo lilinirudisha nyumbani, kwenye mkokoteni.

Nikiwa kidato cha pili, wakati wa likizo ya Aprili, nilimsaidia mzee mmoja wa mtaani kusukuma mkokoteni. Tulibeba marobota ya nguo. Wakati huo First Avenue ilijulikana kwa matope na madimbwi, na masika yakishika hata matatu za namba 6 na 9 zilienda kwa kubembelezwa. Siku moja, kwa ujuaji wangu, nilimwambia fundi wa pancha ajaze tairi mpaka zilie kama ngoma. Kwenye lami tuliruka kama swara. Tulipofika kwenye tope, mkokoteni ulizama mpaka ekseli. Robota moja likaloa na mwenye mali akatukata malipo.

Mzee hakunigombeza. Alichukua njiti akabonyeza vali, fuuuu, upande huu na ule. "Mwanangu," akasema, "tope halitaki ubishi." Tulisukuma, ukatoka.

Miaka baadaye, chuoni, nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Tairi ikikanyaga ardhi, sehemu inayogusa chini hujitanua mpaka upepo ulio ndani uweze kuubeba mzigo. Ukiacha ugumu wa mpira wenyewe, presha ya tairi ndiyo takriban presha inayoikandamiza ardhi. Chukua mkokoteni wa kilo 400 kwenye magurudumu mawili, yaani kilo 200 kila moja. Kwa pauni 30 kwa inchi ya mraba (mafundi wetu husema "thati"), kila tairi hugusa ardhi kwa sentimita za mraba kama 95, ukubwa wa kiganja tu. Shusha hadi 15, unapata kama 190. Mzigo ni uleule, ila umekanyaga kwa viganja viwili badala ya kimoja. Kwenye tope au mchanga, tairi ngumu huchimba shimo lake yenyewe, halafu wewe unalipwa kulipandisha nje ya shimo hilo mwendo mzima!

Watu wamejua haya tangu lini? Twende nyuma.

Mwaka 1826 mwalimu wa shule wa Bristol, Uingereza, aitwaye George Pocock, alipata hataza ya gari lililovutwa na tiara. Inasemekana watoza ushuru wa barabara walishindwa kumtoza, maana ushuru ulihesabiwa kwa farasi na yeye hakuwa na hata mmoja. Lakini hakuwa na tairi za upepo. Hazikuwapo.

Mskochi Robert William Thomson alipata hataza ya tairi ya upepo mwaka 1845. Mwaka 1847 majaribio yake yalifanyika Regent's Park, London. Sikilizeni namba hizi. Kwenye barabara nzuri ya kokoto zilizoshindiliwa, nguvu ya kuvuta gari ilishuka kutoka pauni 45 hadi 28. Kwenye mawe yaliyovunjwa ilishuka kutoka 120 hadi 38 na nusu. Yaani faida kubwa ilikuwa pale njia ilipokuwa mbaya zaidi. Dunia ikamsahau. Mskochi mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo Belfast, akaibuni upya mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, na hataza yake ikaja kubatilishwa kwa sababu Thomson alimtangulia.

Kutoa upepo makusudi kulipata mwalimu wake jangwani. Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Misri tangu 1926, alianza kuingia jangwa la Libya na magari ya Ford. Mwaka 1930 yeye na wenzake walivuka kwenye bahari ya mchanga ambayo wengi walidhani haipitiki kwa gari. Kati ya mbinu zake ilikuwa ileile ya mzee wangu: tairi laini kwenye mchanga laini. Baadaye, mwaka 1940, alianzisha kikosi cha jeshi cha masafa marefu jangwani kilichotumia ujuzi huo.

Ila kuna mtego. Ukitoka mchangani ukaingia njia ngumu na tairi laini, kuta za tairi hujikunja kila mzunguko, zinapata joto, na jiwe moja hubana tyubu dhidi ya ringi. Pancha! Kwa hiyo upepo uliotoa lazima uurudishe. Kutoa ni sekunde chache. Kurudisha ni jasho.

Hapo ndipo Wamarekani walipofanya jambo ambalo mtu wa programu lazima alipigie makofi. Lori lao la DUKW, linaloogelea na kutembea, lilimwezesha dereva kupunguza na kuongeza upepo akiwa amekaa kwenye kiti. Linatoka majini, ufukwe ni laini, anashusha; anafika barabarani, anapandisha. Lilitumika Sicily 1943 na Normandy 1944. Namba haikuandikwa tena juu ya jiwe. Ikawa kitu cha kubadilisha njiani.

Na huku kwetu? Mbio za magari za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1968, kwa mvua na matope, magari 93 yalianza na 7 tu yakamaliza! Zilipoingia tena kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, madereva walikutana na vumbi laini kama unga wa ngano huko Kedong, na mawe yamejificha ndani yake. Vumbi linadai tairi laini, mawe yanadai tairi ngumu. Unachagua moja kabla ya kuanza, kisha unaomba Mungu.

Kigari cha tiara chenyewe kilienea baada ya Peter Lynn wa New Zealand kukitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sheria zake ni hizohizo. Mchanga laini, shusha. Mchanga ulioshindiliwa na maji kupwa, pandisha kiasi. Lami au ardhi kavu, pandisha zaidi. Nyongeza ni moja: tiara huvuta kwa ubavu, kwa hiyo tairi laini kupita kiasi inaweza kuchomoka kwenye ringi. Anza chini ya kile unachodhani, tembea kidogo, angalia alama uliyoacha. Ikiwa nyembamba na yenye kina, bado ni ngumu.

Sasa nisemeje? Nilikuwa nadhani historia hii ni ya watu waliotafuta namba sahihi. Sivyo. Namba sahihi mzee wangu alikuwa nayo kidoleni bila digrii. Alichokosa ni pampu. Kila alipotoa upepo kwenye tope alijua akifika lami atamlipa fundi shilingi ishirini kwenye siku ya mapato madogo. Ndiyo maana siku nyingi hakutoa. Aliacha tairi ngumu, akalipa kwa kifua na mgongo.

Sisi waandishi wa programu tunapenda kuweka thamani moja ya mwanzo na kusema mtumiaji "anaweza kubadilisha." Anaweza kweli? Kubadilisha kunamgharimu nini, na ni nani anayelipa? Kama pampu iko kwa mwingine, hilo si chaguo.

Mzee huyo alishaacha kazi, mgongo ulikataa. Mkokoteni wake anao kijana wake. Mwezi uliopita nilimnunulia pampu ya mguu. Akacheka, akaifunga kwa kamba chini ya mbao, akaondoka zake.