Nyambui Baada ya Moscow

Hapa Mwanhuzi, anayemkumbuka Suleiman Nyambui atakutajia Moscow. Ana haki. Tarehe 1 Agosti 1980, kwenye fainali ya mita 5000, Nyambui alimaliza wa pili nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, tofauti haikufika sekunde moja. Siku iliyotangulia Filbert Bayi alikuwa ametwaa fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Tangu hapo Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Mimi nasomea historia, na kinachonivuta ni miaka iliyoizunguka siku ile. Mzaliwa huyu wa Majita, kando ya Ziwa Victoria, alikomaa kama mwanafunzi wa chuo kikuu huko El Paso, Texas. Kuanzia 1979 hadi 1982 alishinda mita 10,000 za vyuo vya Marekani kila mwaka, mara nne mfululizo! Kocha wake, Ted Banks, alikuwa mwajiriwa wa chuo. Kule ukocha ni ajira ya chuo kama uhadhiri, na mwanamichezo akistaafu anaweza kurudi chuoni kufundisha.

Nyambui alishinda marathoni ya Berlin 1987 na 1988, kisha akageukia ukocha. Nyumbani hapakuwa na chuo chenye kiti kama cha Banks. Alikuwa katibu mkuu wa chama cha riadha, na timu ya taifa aliyokwenda kuinoa ni ya Brunei. Bayi yeye alijenga shule zake mwenyewe. Kwa maoni yangu huo nao ni ukocha, ila wa gharama kubwa mno kwa mtu mmoja.

Kwetu kazi ya chuo imebebwa na jeshi. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni Tokyo 2025, ni askari wa JWTZ. Lakini jeshi humpokea kijana aliyekwisha kukua. Kabla ya hapo, Meatu kama kwingineko, yupo mwalimu wa michezo: asubuhi anafundisha hesabu, jioni anachora njia za mbio kwa majivu kwenye uwanja wa vumbi, akiandaa watoto wa UMITASHUMTA. Wakifuzu wanapanda gari kwenda mkoani Bariadi. Wakimaliza darasa la saba wanatawanyika, naye anaanza na wengine.