Mashine Aliyolipwa Mama

Mashine ilizima Ijumaa saa tisa alasiri, nusu ya zulia la kanisa ikiwa safi na nusu bado. Harusi ilikuwa kesho yake asubuhi. Kwanza ilitoa harufu ya mpira unaoungua, kisha ikanguruma kama tuktuk iliyozidiwa na mzigo, kisha kimya. Nikabonyeza swichi mara tatu, nne. Hamna kitu. Mama akakaa kwenye benchi la mbele, akajifuta jasho kwa ncha ya leso, akasema, "Basi. Ndiyo imekufa hiyo."

Hakuwa anazungumzia mashine peke yake. Hiyo vakyumu ndiyo malipo yake. Alifanya kazi ya kusafisha vyumba miaka 19 katika hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, jina naliacha. Machi 2020 serikali ikasimamisha ndege za abiria kutoka nje kwa sababu ya korona, wageni wakaisha, na hoteli ikafunga milango. Wafanyakazi waliambiwa wasubiri. Wakasubiri hadi wakachoka. Mwishowe kila mtu akaitwa achukue kitu stoo kufidia sehemu ya deni: mwingine godoro, mwingine feni. Mama akachukua vakyumu ya kusimama, ile ya kusukuma kwa mpini kama mkokoteni. Mimi wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karo haikulipwa, nikarudi nyumbani Kisumu Ndogo, na tangu hapo nimekuwa msaidizi wa Mama wa kubeba waya.

Tukaipakia kwenye boda hadi kwa fundi. Kibanda chake ni cha mabati, kimejaa pasi, blenda, redio na feni zisizo na vichwa. Mwenyewe ni mtu wa Kisumu kubwa, kama anavyopenda kutania, na ameishi hapa kabla mimi sijazaliwa. Hakuigusa mashine. Aliuliza kwanza, "Ilizima yenyewe ama uliizima wewe?"

"Yenyewe."

"Ikiwa na moto?"

"Sana."

"Basi pengine haijakufa. Imejilinda tu. Mwache ipoe."

Alieleza kwamba ndani, karibu na mota, kuna kiswichi kidogo kinachokata stima joto likizidi. Mashine kama hiyo ukiiacha nusu saa au saa nzima inaweza kuwaka tena, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Inawaka, wanaendelea na kazi, inazima tena, wanaendelea, mpaka siku mota inaungua kweli. Kuzima si ugonjwa, alisema, ni dalili. Tafuta kilichoileta.

Tulipokuwa tunangoja ipoe, nilianza kujiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: hiki kidude kilifikaje Malindi? Manake kwetu pwani sakafu haihitaji vakyumu. Wazee walikuwa na mkeka na jamvi. Vikichafuka unavitoa uani, unavikung'uta, unavianika, na chini unapitisha ufagio wa chelewa, zile njukuti za mnazi zilizofungwa pamoja. Mchanga unarudi ulikotoka. Mashine ya kufyonza vumbi inahitajika pale tu ambapo zulia limegandishwa sakafuni, ukuta hadi ukuta, na haliwezi kutolewa nje. Kwa hiyo historia yake inaanza kwenye nchi za baridi.

Mwaka 1901, mhandisi wa London aitwaye Hubert Cecil Booth alienda kutazama mashine mpya ya kusafishia. Ilikuwa inapuliza hewa, ikitarajia vumbi liruke na kuangukia ndani ya sanduku. Booth akaona mambo yamegeuzwa. Inasimuliwa kwamba aliweka kitambaa juu ya kiti, akakiwekea mdomo na kuvuta kwa nguvu. Kitambaa kikashika uchafu, naye akapaliwa na vumbi, lakini wazo likawa limethibitika. Mashine aliyounda ilikuwa kubwa kama gari, ikivutwa na farasi, ikiendeshwa na injini ya petroli. Iliegeshwa barabarani na mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha zulia la kanisa la Westminster Abbey kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Yaani moja ya kazi za mwanzo kabisa za vakyumu duniani ilikuwa kama yetu: zulia la kanisa kabla ya sherehe.

Lakini mashine ya Mama haikutokana moja kwa moja na ile ya Booth. Ilitokana na mfagiaji. James Murray Spangler alikuwa akisafisha duka kubwa mjini Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa na pumu, na vumbi la mazulia lilikuwa linamuua polepole. Kwa hiyo akatengeneza kitu cha kumsaidia kupumua: feni ya umeme, sanduku, mpini wa ufagio, brashi ya kuzunguka, na foronya ya mto kushika vumbi. Ukiitazama vakyumu yoyote ya kusimama leo, vitu vile vile vimo ndani. Tarehe 2 Juni 1908 alipata hataza. Pesa ya kutengeneza nyingi hakuwa nayo, hivyo haki zake zikanunuliwa na William Hoover, mtengenezaji wa bidhaa za ngozi ambaye mke wake alikuwa ameijaribu mashine. Hoover aliona magari yanakuja na biashara ya hatamu za farasi inaenda. Spangler alifariki mwaka 1915. Jina lililobaki ni la mnunuzi. Uingereza hadi leo watu wengi hawasemi "kufyonza vumbi", wanasema "kuhuva".

Nilimsomea Mama hayo kutoka kwenye simu. Aliguswa na jambo moja tu: "Alikuwa mfagiaji? Na waliachilia afungue mashine?"

Sikumwelewa hapo hapo. Nikaendelea kusoma. Mwaka ule ule wa 1908, kwa mujibu wa historia inayosimuliwa na kampuni ya umeme nchini, mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua jenereta ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar aliinunua 1875 kwa ajili ya taa za kasri lake na mitaa ya karibu. Kutokana nayo ikaundwa kampuni ya kwanza ya umeme Mombasa. Kwa hiyo stima na vakyumu ya kusimama ni kama watoto waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja pwani yetu na mwingine Ohio. Hawakukutana haraka. Kwenye nyumba za wakoloni hapakuwa na haja ya kununua mashine ya kufagia ilhali kuna "boi" wa kufagia, mtu mzima anayeitwa mtoto, kipande chake kikining'inia shingoni, mshahara wake mdogo kuliko bei ya mashine. Kazi ya mtu ilipokuwa rahisi hivyo, mashine ilikuwa ghali bure.

Malindi ilianza kupata hoteli za wageni miaka ya 1930, ya Lawford's ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Miaka ya 1960 Waitaliano wakaja na roketi. Waliweka jukwaa la San Marco baharini Ngomeni, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka hapo kwenda kwenye anga tupu isiyo na hewa. Waitaliano wengine wakafuata, na hoteli na majumba. Sakafu nyingi zikawa vigae au mawe ya Galana, lakini ofisi na kumbi za mikutano zikatandikwa zulia. Zulia likaleta vakyumu. Vakyumu ikaleta sheria.

Sheria yenyewe Mama aliijua kwa moyo. Wafanyakazi wa vyumba hawakuruhusiwa kuifungua mashine. Ikisumbua unaandika kwenye kitabu, unamngoja fundi wa hoteli. Ukionekana na bisibisi, ni barua ya onyo. "Miaka 19 nimeisukuma," aliniambia pale kibandani, "sijawahi kuona tumbo lake."

Fundi akasikia. Akachomoa plagi kutoka ukutani, akalaza mashine chali juu ya gunia, akampa Mama bisibisi. "Haya mama, fungua."

Alifungua skrubu sita. Mbili zilikuwa zimeliwa na chumvi ya bahari, fundi akazisaidia kwa mafuta na nyundo ndogo. Kifuniko cha chini kikatoka, na aibu yetu ikaonekana. Brashi ya kuzunguka ilikuwa imefungwa na nyuzi, nywele za kusuka na utepe wa harusi ya wiki iliyopita. Haikuweza kuzunguka hata kwa mkono. Mota nayo iliendelea kuuzungusha mkanda wa mpira juu ya brashi iliyokwama, mpira ukaungua. Ndiyo harufu tuliyoisikia. Mama akazikata nyuzi kwa wembe, akazitoa moja moja. Fundi akamwonyesha ncha mbili za brashi: "Shika hapa, zungusha. Ikizunguka kimya, bearingi nzima. Ikilia kama kinu, badilisha."

Ilizunguka kimya.

Halafu mfuko. Ni wa karatasi, wa kutumia mara moja na kutupa, lakini mifuko mipya hapa haipatikani, kwa hiyo sisi tulikuwa tunaumwaga na kuurudisha, mara ya kumi hiyo. Kwa macho ulikuwa mtupu. Fundi akauweka mdomoni, akapuliza. Hewa haikupita. Mchanga wa Malindi ni laini kama unga, ulikuwa umeziba vitundu vyote vya karatasi. Kwenye mashine hii, hewa inayopita kwenye mfuko ndiyo hiyo hiyo inayopoza mota. Mfuko ukiziba, kufyonza kunapungua, na mota inapika ndani. Tulidhani tunaokoa pesa.

Akatufundisha mpangilio, na Mama akanifanya niuandike. Anza na stima: plagi, fyuzi, halafu waya, hasa pale unapoingia kwenye mpini, manake hapo ndipo unapojikunja na kukatikia ndani bila kuonekana. Ikiwaka lakini haifyonzi: mfuko, filta, mpira, kwa mpangilio huo. Ikifyonza lakini haiokoti nyuzi: mkanda na brashi. Ikitoa cheche na kupoteza nguvu: kaboni za mota. Zetu zilikuwa zimebaki fupi. Akatafuta za grinda kwenye kopo la maziwa, akazisugua kwenye msasa mpaka zikaingia. Mkanda alipata wa saizi ile kwenye mashine nyingine iliyokufa. Mfuko Mama aliushona mwenyewe kwa kitambaa kizito cha foronya mbili, kwenye cherehani ya jirani. Fundi aliupuliza, akasema hewa inapita, ila tuukung'ute kila baada ya kazi.

Foronya! Sikusema kitu. Nilimkumbuka tu yule mzee wa Ohio.

Saa mbili usiku tulirudi kanisani. Mashine iliwaka kwa sauti niliyoisahau, nyembamba na safi. Mama aliisukuma mpaka nusu iliyobaki ikafanana na nusu ya kwanza. Mara mbili aliizima mwenyewe, akaipindua na kukagua brashi, bisibisi ikiwa mfukoni mwa gauni. Hakuna aliyemwandikia barua.

Tulilipwa 2,500. Mia nane tulimpelekea fundi, na mia tatu Mama akanunua mikanda miwili ya akiba. Deni la hoteli halijaisha, na sidhani litaisha. Lakini wiki iliyofuata jirani wa kike anayesafisha ofisi mjini alikuja kuuliza kama kuna mtu anayejua mambo ya vakyumu, yake inatoa harufu ya mpira unaoungua. Nilikuwa nafungua mdomo nimwelekeze kwa fundi.

"Ilizima yenyewe," Mama akamuuliza, "ama uliizima wewe?"