Blighty, Ndugu wa Ulaya

Katika maneno ya mitaani ambayo askari wa Kiingereza walikwenda nayo vitani na kurudi nayo majumbani, lipo moja lenye nasaba na sisi, nalo ni "Blighty", jina la mapenzi walilompa Uingereza mama yao; na Mswahili alisikiapo hadhani hata kidogo kwamba amekutana na jamaa yake.

Asili yake ni "wilaya" ya Kiarabu, yaani nchi iliyo chini ya mamlaka ya mtu, neno la shina lile lile lililotupa liwali na walii. Waajemi walilichukua, Wahindi wakalipokea kwao, wakalitamka "vilayat", na wengine "bilayat"; na kama walivyoeleza Henry Yule na A. C. Burnell katika kamusi yao ya Hobson-Jobson ya mwaka 1886, Waafghani aghalabu waliita hivyo nchi yao wenyewe, ilhali Bara Hindi neno lilikuwa limekwisha hamia nchi za mbali za Wazungu. Kila kilichotoka huko kikawa "bilayati": soda ilikuwa maji ya bilayati, na nyanya, kwa Wabengali, biringani la bilayati. Mwambao wetu nao ulifuata mwendo huo huo, wilaya ikawa Ulaya, na viazi mviringo vikapata jina la viazi ulaya.

Askari Mwingereza, aliyelisikia neno "bilayati" kila siku kambini na sokoni huko Bara Hindi, asijue kwamba ile irabu ya mwisho ni alama ya sifa tu, alilishika zima zima na kulifanya jina la nchi, tena nchi yake mwenyewe. Naona hapa ndipo penye ajabu, kwamba mtu aliye katika ghurba, akiyatamani makwao, ayaite kwa neno ambalo kinywani mwa aliyemfundisha lilikuwa na maana ya ugeni.

Vita vya 1914 ndivyo vilivyolitoa makambini na kulimwaga katika mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, hata mtu asiyepata kuiona Bombay akalisema kana kwamba alinyonya nalo, na mwaka 1916 likaingia katika wimbo uliovuma mno, "Take Me Back to Dear Old Blighty". Lakini huko mahandakini lilizaa maana ya pili, iliyo nzito kuliko ya kwanza: "blighty" likawa jina la jeraha, si la kuua wala la kumlemaza mtu maisha, ila kubwa kiasi cha kumlazimu daktari aandike kwamba majeruhi avushwe bahari, na aliyelipata, akipitishwa juu ya machela huku damu inamtoka, alipongezwa na wenziwe kama bwana harusi. Wapo waliojipiga risasi ya mkono au ya mguu kulitafuta, na waliogunduliwa walishitakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Wilfred Owen alilitia neno hilo katika shairi lake "The Dead-Beat", alilolianza mwaka 1917 akiwa mgonjwa katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh; kisha akarudi vitani, akauawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya mapigano kusimamishwa.

Wahindi wenyewe, waliofika Marseille Septemba 1914 kupigana upande wa Waingereza, walipojeruhiwa walipelekwa wengi wao Brighton, wakalazwa hata katika jumba la kifalme lenye makuba ya kuigiza ya kwao. Hivyo walivushwa bahari ile ile pamoja na Mwingereza, yeye akienda nyumbani Blighty, wao wakienda ugenini Vilayat.

Tangu utawala wa Kiingereza ulipokoma Bara Hindi mwaka 1947 neno limezeeka, na leo hutumiwa kwa mzaha zaidi, hasa na Waingereza waishio nchi za mbali. Ulaya, kwa upande wake, ni bara zima katika ramani zetu, na wilaya ina mkuu wake.