Posho na Chakula cha Jioni katika Kambi za Shaba za Katanga

Swali la kila siku, yaani jioni hii kipikwe nini, huachiwa wapishi, wanahistoria hulipita. Lakini katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, lilikuwa swali la utawala.

Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ilipokusudia kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, posho iligawiwa kila juma kwa kadiri ya watu wa nyumba. (Si ajabu kwamba katika Kilingala neno hilohilo limekuja kumaanisha juma.) Aliyetoka Rwanda, aliyezoea maharage na ndizi, na aliyelelewa kwa ugali wa muhogo kando ya Luapula, wote walipimiwa unga wa mahindi. Bukari, ambayo leo mtu wa Lubumbashi huihesabu kuwa chakula cha asili yake, ilienea pia kwa kipimo cha mwajiri.

Hata hivyo bukari hailiwi peke yake, na hapo ndipo mamlaka ya kampuni yalipopungua. Sombe ya kutwanga, samaki wakavu, mboga za bustani: hayo aliyaamua mama wa nyumba. Mume alileta unga, mke akaamua utaliwa na nini. Uhuru huo ulikuwa mdogo, lakini hauna budi kuhesabiwa.

Mgomo wa Desemba 1941 wapaswa kusomwa kwa jicho hilo pia. Wafanyakazi walidai nyongeza ya mshahara, wakati bei zilikuwa zimepanda kwa sababu ya vita. Mwenye fedha hujinunulia. Mwenye posho hungoja kupimiwa. Tarehe 9 askari waliwafyatulia risasi huko Élisabethville, na idadi ya waliouawa hubishaniwa hadi leo.

Gécamines, iliyorithi migodi baada ya mwaka 1967, ilirithi na desturi ya kugawa unga. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, uzalishaji ukaanguka. Unga ukachelewa, kisha mshahara wenyewe. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Mama aliyekuwa akichagua kitoweo tu sasa alitakiwa kutafuta na unga. Aliuza makaa, maandazi au mboga sokoni, na chakula cha jioni kikaamuliwa na mauzo ya mchana.