Tura, Fataki na Shaba ya Tabora

Abiria wa Reli ya Kati wanaijua Tura kama kituo kimojawapo tu kabla ya kufika Tabora. Wapagazi wa karne ya 19 waliijua vingine. Waliotoka pwani walikuwa wamekwisha kuvuka Mgunda Mkali, pori kame ambalo maji yake yalikuwa ya kubahatisha, na Tura ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Unyamwezi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba jina lenyewe maana yake ni "tua", yaani tua mzigo. Leo nataka tuutazame mzigo mmoja kati ya mingi iliyotuliwa hapo: bunduki na baruti yake, na hasa kidude kidogo kuliko vyote, fataki.

Nasema fataki kwa sababu historia zetu huhesabu mitutu. Tunasoma kwamba mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Unguja, alikadiria bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Tunasoma habari za Mirambo na rugaruga wake. Vyema. Lakini mtutu peke yake ni bomba la chuma. Nani aliyeiwasha bunduki hiyo, na kwa kitu gani?

Wazee wa pwani walikuwa na majina yanayojibu swali hilo. Kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi wenye moto. Ikaja ya gumegume, ambayo jiwe hugonga chuma na kutoa cheche. Kisha ikaja ya fataki: kikofia kidogo cha shaba, ndani kimepakwa dawa inayolipuka ikigongwa. Unakivika juu ya kifa, unavuta mtambo, nyundo inashuka, moto unaingia kwenye baruti. Kwa askari wa Ulaya hiyo ilikuwa neema kubwa, maana manyunyu hayakuizima tena bunduki yake.

Kwa mwindaji wa Unyamwezi hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Utambi unasokotwa nyumbani, na jiwe huchongwa na mwenye mkono mwepesi. Fataki haichongwi. Dawa yake ni kazi ya kiwanda, na kiwanda kiko Ulaya. Ikifika Unguja, inabebwa miezi mitatu kichwani mwa mtu mpaka Tabora. Mwenye bunduki ya fataki alikuwa na silaha bora kuliko jirani yake wa gumegume, lakini njia ikifungwa, silaha yake ilikuwa rungu. Mimi naona hapo ndipo nguvu ilipoanza kuhama kutoka kwa mwenye bunduki kwenda kwa mwenye duka.

Na wenye duka waliifunga njia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao watoto wetu hufundishwa kuwa ulikuwa wa kupiga vita biashara ya watumwa, ulizuia pia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini mpaka 22 kusini ya ikweta. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu ziliweza kuruhusiwa kwa masharti, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Mwafrika aachiwe silaha ambayo Ulaya yenyewe ilikwisha kuitupa jalalani.

Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipambana na Wajerumani katika hali hiyo. Baruti alikuwa nayo. Januari 1893, jeshi la Tom von Prince lilipovunja ngome yake hapo Tabora, Isike alijilipua kwa ghala lake mwenyewe la baruti. Walimkuta hajakata roho, wakamnyonga.

Sasa tuitazame risasi ya waliomshinda. Hii ilikusanya kila kitu katika ganda moja la shaba nyeupe, ile ya rangi ya njano: kichwa cha risasi mbele, baruti tumboni, na fataki imepandikizwa kitakoni. Ikishapigwa, kichwa kimekwenda zake na baruti imeteketea, lakini ganda lipo. Ganda ndicho kipande cha gharama, na linaweza kujazwa tena. Mafundi wa kazi hiyo huanza na fataki iliyokufa: huing'oa kabla hata ya kuliosha ganda. Katika aina nyingine husukumwa kwa sindano ya chuma kupitia tundu la katikati. Aina nyingine ina vitundu viwili vidogo, na hapo fataki hung'olewa kwa nje kwa kulabu. Ukiosha kabla ya kung'oa ni sawa na kuosha sufuria bila kufunua kifuniko. Masizi hubaki katika kijishimo chake, maji hunaswa humo, na fataki mpya haikai sawasawa. Na masizi ya baruti nyeusi hayana simile: hunywa unyevu wa hewa na kuila shaba. Zaidi ya hapo, fataki za zamani zilikuwa na zebaki, ambayo huidhoofisha shaba nyeupe mpaka ganda linapasuka. (Haya nayaeleza kama historia. Asije mtu akaniambia kesho kwamba redio ilimfundisha.)

Miaka 21 baada ya Isike, kibao kiligeuka. Vita vya 1914 vilipoanza, manowari za Waingereza ziliuziba mwambao, na Mjerumani akajikuta katika shida ile ile ya mwindaji wa Tura: bunduki anazo, lakini njia ya duka imefungwa. Kampuni zake nyingi za askari zilikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, za baruti ya moshi, ambazo kila mlio ulimwonyesha adui mahali pa kulenga.

Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Kidenmaki, ilifika ghuba ya Mansa, kaskazini ya Tanga, ikiwa na bunduki mpya na risasi nyingi sana. Manowari ya Hyacinth iliipiga mizinga, meli ikazama kwenye maji mafupi, na shehena ikaopolewa ikiwa imelowa maji ya chumvi. Jenerali Lettow-Vorbeck amesimulia katika kumbukumbu zake yaliyofuata. Risasi zilipelekwa Moshi, zikafunguliwa moja moja, baruti ikasafishwa, na baadhi zikatiwa fataki mpya zilizopatikana humu nchini. Kazi ilikwenda kwa miezi, asubuhi mpaka jioni, ikifanywa na askari, wapagazi na kila aliyepatikana. Hata baada ya taabu yote hiyo, zilizogoma kama 20 katika kila 100 zilihesabiwa kuwa nzuri, zikapelekwa vitani. Mbaya zaidi zilibaki za mazoezi. Risasi ambazo hazikupata kulowa waliwekewa wapiga bombomu peke yao.

Natamani kitabu kile kingetaja walau jina la mmoja wa waliokaa mikekani Moshi wakitenganisha shaba na baruti. Jenerali alikumbuka asilimia, majina hayakumkaa. Nao walikuwa watu wetu, na kidole kinachoichokoa fataki iliyo hai kinaweza kupotea.

Tabora nayo ilipata fungu lake. Serikali ya Wajerumani ilihamia huko, na fedha zikawa haba kama risasi. Mwaka 1916 karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Kwa dhahabu ya Sekenke walipiga sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, zaidi kidogo ya 16,000. Kwa mwananchi wa sokoni walipiga heller 20, nyingine za shaba nyekundu na nyingine za shaba nyeupe, na wenye kujua mambo ya sarafu husema shaba hiyo nyeupe ilitoka katika maganda ya mizinga yaliyokwisha kupigwa. Mtu hahitaji kuuliza sana kwa nini. Katika nchi iliyozingirwa, isiyo na baruti mpya wala fataki za kutosha, ganda tupu ni shaba tu, na shaba huyeyuka.

Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na upigaji wa sarafu ukaisha. Heller zile bado zipo kwa wanaokusanya vitu vya kale. Upande mmoja kuna taji, herufi DOA na mwaka 1916. Upande wa pili thamani yake, na chini yake herufi T ya Tabora. Nyingi zimepigwa kombo, maana mitambo ilikuwa ya kutengenezea reli.