Kati ya Mwajiri na Umma: Vyama vya Wahandisi wa Umeme nchini Marekani, 1884–1990, na Funzo lake kwa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya vyama vya kitaaluma vya wahandisi wa umeme nchini Marekani tangu 1884 hadi 1990. Hoja yake kuu ni kwamba vyama hivyo vilichelewa kujibu swali moja la msingi: mhandisi aliyeajiriwa anapoona hatari ambayo mwajiri wake hataki kuiona, chama chake kinamdai utii kwa nani, nacho kitampa msaada gani? Makala inahitimisha kwa kueleza umuhimu wa swali hilo kwa Afrika Mashariki, ambako utambuzi wa wahandisi umeanza kuvuka mipaka.

1.0 Utangulizi

Chama cha kitaaluma huundwa kwa malengo matatu ambayo hayapatani daima. Lengo la kwanza ni kukuza elimu kwa njia ya mikutano, majarida na viwango. La pili ni kulinda hadhi na riziki ya wanachama. La tatu ni kulinda umma usioweza kupima wenyewe ubora wa kazi ya mtaalamu. Katika udaktari na uanasheria, mtaalamu wa zamani mara nyingi alijitegemea, akakutana na mteja wake ana kwa ana. Mhandisi wa umeme alikuwa na hali tofauti tangu mwanzo. Yeye alizaliwa ndani ya kampuni: ya simu za maandishi, ya taa, ya mitambo. Kwa hiyo mgongano wa malengo hayo matatu ulimkabili mapema kuliko wataalamu wengine wengi.

2.0 Chama kilichozaliwa mikononi mwa makampuni

Taasisi ya Wahandisi wa Umeme ya Marekani, iliyojulikana kwa kifupi AIEE, iliundwa jijini New York mwezi Mei 1884. Sababu ya karibu ilikuwa maonyesho ya kimataifa ya umeme yaliyokuwa yafanyike Philadelphia mwaka huohuo; ilionekana ni aibu wageni kutoka Ulaya wafike wasikute chama cha kuwapokea. Rais wa kwanza alikuwa Norvin Green, aliyekuwa rais wa kampuni ya simu za maandishi ya Western Union. Thomas Edison na Alexander Graham Bell walikuwa miongoni mwa makamu wake. Uteuzi wa Green unaeleza mengi: aliyeketi kitini hakuwa mhandisi wa karakana, bali kiongozi wa kampuni.

Wito wa kuwa na kanuni za maadili ulitolewa na Schuyler Skaats Wheeler alipokuwa rais wa chama mwaka 1906, na kanuni zenyewe zikapitishwa mwaka 1912. Zilimtaka mhandisi ayaone maslahi ya mteja au mwajiri kuwa wajibu wake wa kwanza wa kitaaluma. Hazikunyamaza kuhusu hatari: mhandisi alitakiwa kujitahidi kurekebisha kasoro za mitambo zinazohatarisha watu, na kumjulisha mwajiri. Lakini njia ya taarifa iliishia mlangoni pa mwajiri. Iwapo mwajiri angeipuuza, kanuni hazikumwonyesha mhandisi mlango mwingine wa kubisha.

3.0 Ngazi za uanachama na milango ya kazi

Kwa mhandisi kijana, chama kilikuwa pia ngazi ya kupandia. Mwaka 1912 AIEE iliongeza daraja la juu la mwanachama mwandamizi, na waajiri wakazizoea daraja hizo kuwa kipimo cha uzoefu. Ngazi hiyo, hata hivyo, haikuwa wazi kwa wote. Edith Clarke alipata shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme katika chuo cha MIT mwaka 1919, akiwa mwanamke wa kwanza kuipata chuoni hapo. Hata hivyo hakupata kazi ya uhandisi. Kampuni ya General Electric ilimpa kazi ya kusimamia wanawake waliokuwa wakipiga mahesabu kwa ajili ya wahandisi. Mwaka 1921 aliondoka kwenda kufundisha Constantinople, na aliporejea mwaka uliofuata ndipo kampuni hiyohiyo ilipomwajiri kama mhandisi. AIEE ilimpa daraja la juu mwaka 1948, akiwa mwanamke wa kwanza kulifikia. Miaka 29 ilikuwa imepita tangu apate shahada yake. Cheti na chama, kwa hiyo, havikutosha kufungua mlango ambao desturi ya mahali pa kazi iliufunga.

Mpasuko mwingine ulitokana na fani yenyewe. Wataalamu wa redio hawakuona nafasi yao katika chama kilichotawaliwa na watu wa umeme wa nguvu kubwa. Mwaka 1912 waliunda Taasisi ya Wahandisi wa Redio, IRE, na kwa makusudi hawakuweka neno “Marekani” katika jina lake, wakitaka iwe ya mataifa yote. Elektroniki ilipopanuka baada ya Vita Kuu ya Pili, wanafunzi wengi waliifuata IRE. Tarehe 1 Januari 1963 vyama hivyo viwili viliungana na kuwa IEEE, chenye wanachama wapatao 150,000.

4.0 Misukosuko ya miaka ya 1970

Muungano ulikipa chama ukubwa, lakini haukujibu swali la zamani. Bajeti za anga na ulinzi zilipopunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, wahandisi wengi walijikuta hawana ajira. Waliuliza chama chao kina faida gani ikiwa kinatoa majarida tu. Mwaka 1972 wanachama walipiga kura kubadili katiba ili IEEE ishughulikie pia masuala ya kazi na hali za wanachama, na mwaka uliofuata kukaundwa bodi ya shughuli hizo kwa Marekani.

Mwaka huohuo wa 1972 lilitokea jambo lililotikisa zaidi. Katika mradi wa reli ya abiria ya eneo la San Francisco, uitwao BART, wahandisi watatu walitilia shaka mfumo wa kuendesha treni bila kutegemea dereva. Walipoona wakubwa wao hawachukui hatua, walifikisha hoja zao kwa mjumbe wa bodi ya wakurugenzi. Mwezi Machi walifukuzwa kazi. Tarehe 2 Oktoba treni ilishindwa kusimama katika kituo cha Fremont ikapita mwisho wa reli, na abiria kadhaa wakajeruhiwa. Wahandisi hao walikuwa wamefanya kile ambacho kanuni za 1912 hazikukitaja: walipita mlango wa mwajiri.

Walifungua shauri, na Januari 1975 IEEE iliwasilisha maelezo mahakamani kama rafiki wa mahakama. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mkataba wa ajira ya mhandisi uhesabiwe kuwa umebeba, hata kama haukuandikwa, sharti la kulinda usalama wa umma. Hivyo kumfukuza mhandisi kwa kutimiza sharti hilo ni kuvunja mkataba. Mahakama haikupata nafasi ya kuamua, kwa kuwa pande zote zilipatana nje ya mahakama. Hoja ilibaki bila hukumu, lakini chama kilikuwa kimevuka mto. Kanuni mpya za 1974 zilitaja wajibu kwa umma. Mwaka 1978 wahandisi hao watatu walipewa tuzo ya utumishi kwa umma. Na katika marekebisho ya 1990 usalama, afya na ustawi wa umma viliwekwa katika kifungu cha kwanza kabisa. Kutoka 1912 hadi 1990 ni miaka 78.

5.0 Funzo kwa Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki dola ilishika usukani wa usajili. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Wahandisi kwa sheria ya 1997, Kenya ilitunga sheria mpya mwaka 2011, na Rwanda mwaka 2012. Desemba 2012 vyombo vya Kenya, Tanzania na Uganda vilitia saini makubaliano ya kutambuana, ili mhandisi aliyesajiliwa katika nchi moja aweze kufanya kazi katika nyingine. Rwanda ilijiunga baadaye. Tanzania pia imekuwa, tangu 2003, na mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahitimu kabla ya usajili kamili, jambo ambalo Marekani iliwaachia zaidi waajiri.

Hata hivyo, makubaliano ya kutambuana hujibu swali la nani ni mhandisi. Hayajibu peke yake swali la nani atasimama na mhandisi anayetoa taarifa ya hatari. Katika ukanda ambao mwajiri mkubwa wa mhandisi wa umeme mara nyingi ni shirika la umma, na mabwawa na njia za umeme huunganisha nchi zaidi ya moja, mhandisi mgeni mwenye kibali cha kazi kinachotegemea mwajiri ana sababu zaidi ya kunyamaza kuliko wahandisi wa BART.

6.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonyesha kwamba kanuni za maadili zisizo na ulinzi humwachia mhandisi mmojammoja gharama ya uadilifu. Mambo matatu yanastahili kuzingatiwa na watunga sera: njia ya taarifa inayopita mwajiri na kufika bodi ya usajili, ulinzi wa usajili na kibali cha kazi kwa mtoa taarifa katika nchi zote zinazotambuana, na takwimu za wazi za ajira na upandaji wa madaraja, wa wanawake hasa, ili milango iliyofungwa ionekane. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa 1912 ulizibwa baada ya treni kuanguka. Afrika Mashariki bado ina nafasi ya kuuziba mapema.